Pikapu imeanza kunywa mafuta kuliko zamani? Pita hivi kabla hujanunua spea hata moja

Pikapu ikianza kunywa mafuta kitu cha kwanza watu wanachokimbilia ni plagi na eakilina (chujio la hewa ya injini), ikishindikana hapo inanunuliwa chupa ya dawa inamiminwa kwenye tenki, na hela ikishakata gari iko vilevile. Mimi naona tunaanzia upande usio wenyewe. Gari iliyokuwa inaenda kilomita 11 kwa lita ikashuka mpaka 8 mara nyingi injini yake bado nzima, ila kuna kitu kinaishikilia isibingirike au kuna kitu kinaidanganya kompyuta yake imwage mafuta mengi, na vingi vya hivyo unavikamata mwenyewe ukiwa na jeki, stendi, geji ya upepo na skana ya kawaida, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kwahiyo hapa tunaanza na vya bure, injini nimeiweka nyuma makusudi.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Mshale wa tenki sio kipimo, na ile namba ya wastani kwenye dashibodi nayo ni makadirio tu. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone la kuweka hesabu sawa, rudisha trip (kile kihesabio cha kilomita za safari) kwenye sifuri, tembea kama kawaida yako mpaka zaidi ya nusu tenki iishe, alafu rudi pampu ileile, gari isimame vilevile, jaza tena mpaka ijikate. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Umetembea 420 zikaingia lita 48, hiyo ni 8.75 kwa lita. Rudia mara mbili tatu kwasababu tenki moja linadanganya, foleni ya siku moja tu inaweza kuharibu hesabu yote.

Sasa kuna mtego hapa wenye pikapu wengi wananasa. Kama ulibadilisha saizi ya tairi, odomita yako haisemi ukweli tena. Mfano ulitoa 265/65 R17 ukafunga 285/70 R17, tairi jipya ni kubwa kwa kama 7% kwenye kipenyo, maana yake dashibodi ikikwambia 400 wewe umetembea kama 428. Ile 8.75 yako kumbe ni kama 9.4. Kwahiyo sehemu ya hasara ni ya kwenye hesabu tu, ingawa kweli tairi kubwa ni zito na la meno makubwa linabingirika kwa shida, kwahiyo kuna kidogo kinaliwa kweli.

Ukishapata namba jiulize ni nini kilibadilika karibu na muda ulaji ulipopanda. Keria ya juu? Ngao ya mbele ya chuma? Njia mpya? Dereva mwingine? Gari ilitoka kwa fundi wiki ileile? Hili la mwisho usilidharau, utaona huko mbele.

Hatua ya 2: Tairi

Kiwango sahihi cha upepo kiko kwenye stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Sio ile namba ya ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe na haijui limefungwa kwenye gari gani. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, maana zikishapata moto upepo unapanda na utajiona uko sawa kumbe haupo. Stika ya pikapu mara nyingi ina mistari miwili, gari tupu na gari ikiwa na mzigo, na tofauti kubwa iko tairi za nyuma, sasa mtu anabeba mzigo mzito kwa upepo wa gari tupu, ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, na kule kujikunja kunageuka joto ambalo limelipiwa na mafuta yako. Serikali ya Marekani kwenye maelezo yake ya ulaji wa mafuta inasema kila psi 1 (kipimo cha upepo kilichoko kwenye geji) inayopungua kwenye tairi zote inakula kama 0.2%. Ni ndogo, lakini ukiwa umepungukiwa psi 10 ni 2% ambayo unairudisha bila kununua chochote.

Ukimaliza pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, alafu ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukakukwaruza kama msumeno, tairi linaburuzwa upande badala ya kubingirika, peleka wili alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe. Gari iliyoinuliwa suspensheni bila kupimwa tena alaimenti ni mteja wa uhakika wa hili tatizo.

Hatua ya 3: Breki zinazoshika

Hapa ndo naomba utulie, kwasababu breki ikishika kidogo tu gari haivuti pembeni, hailii, haiwashi taa yoyote, inakula mafuta kimyakimya na padi zinaisha upande mmoja.

Kipimo cha kwanza ni joto. Tafuta barabara ya wazi, tembea dakika 15 hivi ukigusa breki kwa uchache kadiri usalama unavyoruhusu, mwishoni achia gari ipungue yenyewe mpaka isimame mahali tambarare, weka gia na usivute hendibreki. Shuka uzungukie magurudumu yote manne, sogeza kiganja karibu na ringi, karibu nimesema, usishike disiki maana ikiwa inashika kweli itakuunguza. Mbele kulia linganisha na mbele kushoto, nyuma na nyuma. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake umeshampata mhusika. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali ndo atafurahi zaidi, anasoma namba moja kwa moja.

Gari ikipoa, wekea vizuizi magurudumu yanayobaki chini, inua lile la moto na uweke stendi, usiingize hata mkono chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Zungusha gurudumu kwa mkono. Mlio mwepesi wa padi kugusa disiki ni kawaida, ila gurudumu la mbele linatakiwa liendelee kidogo ukiliachia. Likigoma palepale, mwambie mtu akanyage breki na kuachia, alafu fungua kidogo nipo (ile skrubu ndogo yenye tundu) ya kutolea upepo kwenye kalipa, kile chuma kinachobana padi za gurudumu hilo. Gurudumu likilegea mara tu presha inapotoka, ujue mafuta ya breki yamefungiwa, na mara nyingi ni ule mpira wa breki umezeeka kwa ndani, kwa nje unang'aa lakini ndani nyama imevimba, unapitisha presha mguu unapokanyaga alafu hauirudishi. Badilisha mpira. Likibaki limeshika hata baada ya kufungua nipo, basi shida iko kwenye kalipa yenyewe, pistoni ina kutu au pini za kuteleza zimekauka. Pini zichomoe, futa grisi kuukuu, paka grisi ya silikoni ya breki na sio ile ya beringi, maana grisi ya kawaida inavimbisha vile vimpira na baada ya muda utarudi palepale. Na ukifungua nipo hakikisha umetoa upepo wote na kujaza mafuta ya breki kabla ya kutoka barabarani. Kama breki hujawahi kuzifungua hii kazi mpe fundi, ila sasa unaenda ukiwa unajua ni gurudumu gani na kwanini.

Nyuma pikapu nyingi zina ngoma. Tope na vumbi vinajaa mle ndani, na waya wa hendibreki ukiota kutu unavutika lakini haurudi. Mtu avute na kuachia hendibreki wewe uko pembeni unaangalia kile kimkono kinapoingilia kwenye ngoma, kinatakiwa kirudi mpaka mwisho wake. Kikibaki katikati unatembea na hendibreki nusu kila siku.

Gurudumu likiwa bado juu shika juu na chini ulitikise. Likicheza, au likizungushwa linanguruma, cheki beringi kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Mbele ya 4x4 na vinavyobebwa

Kama pikapu yako ni 4x4 ya kuwasha unapohitaji, hakikisha haijabaki imewaka. Zile habu za kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele zote mbili ziwe kwenye FREE na gia ndogo iwe 2H, yaani magurudumu mawili tu yanavuta. Ukiinua gurudumu la mbele na kulizungusha, shafti inayoingia kwenye difu ya mbele haitakiwi kuzunguka nalo. Ikizunguka, habu imeng'ang'ania, na injini inazungusha vyuma vya mbele bure. Kutembea kwenye lami na 4H, yaani yote manne yanavuta, ni mbaya zaidi, maana kwenye mfumo huu hakuna difu ya katikati, ukikata kona mbele na nyuma vinagombana.

Mzigo wa kudumu nao uteremshe. Kila kilo 45 za ziada zinakula kama 1%, na wengi tunatembea na minyororo, jeki mbili, tofali la kuzuia gari na masanduku ya spea ambayo hayajafunguliwa tangu yawekwe. Keria ya juu ikiwa tupu ing'oe. Alafu kuna ile imani kwamba ukiteremsha mlango wa nyuma wa bodi upepo unapita vizuri, hapana, ukiuacha umefungwa hewa inazunguka ndani ya bodi na ile inayotoka juu ya kabini inapita juu yake bila kugonga mlango. Ufunge. Ukiweka turubai lililokazwa bapa juu ya bodi unaweza kupata kidogo zaidi, usitegemee maajabu.

Na unapolinganisha namba zako tembea spidi ileile, nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 90 kwenda 110 ukinzani wa hewa umepanda karibu nusu nzima. Hakuna sevisi itakayofidia hiyo.

Hatua ya 5: Feni na thamostati

Pikapu nyingi injini imelala kwa urefu na feni inaendeshwa na mkanda, katikati kuna klachi yenye mafuta ya silikoni ambayo inashika injini ikipata moto na kuachia ikipoa. Ukiwasha asubuhi ikanguruma kwa muda mfupi alafu ikatulia, hiyo ni kawaida kabisa. Ikinguruma muda wote, kila ukikanyaga inalia kama lori, klachi imeganda na feni inakula nguvu ya injini hata pale isipohitajika. Injini ikiwa imezimwa na imepoa izungushe feni kwa mkono, inatakiwa iende kwa uzito laini. Ikiwa ngumu kama imechomelewa, imekwama. Ikizunguka yenyewe mizunguko mingi, imechoka, na hiyo itakuletea kuchemsha.

Thamostati sasa, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ikichemsha kuna mafundi suluhisho lao ni kuitoa thamostati na kufunga, gari inaacha kuchemsha mteja anashukuru. Kinachofuata ni injini kutembea baridi siku zote, kompyuta inaona joto halijafika inaendelea kuongeza mafuta kama vile ndo umewasha asubuhi, na kwenye otomatiki gia boksi inachelewa kufunga konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi, kikifunga hakitelezi tena) kwasababu inasubiri joto hilohilo. Kwahiyo kama ulaji ulipanda baada ya fundi kutibu kuchemsha, anza hapa.

Kuipima ni rahisi. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, washa, shika ile hozi kubwa ya juu ya rejeta, nguo na vidole viwe mbali na mkanda na feni. Thamostati nzima itaiacha hozi ikiwa ya baridi kwa dakika kadhaa alafu ghafla inapata moto pale inapofunguka. Hozi ikianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, imekwama wazi au haipo. Ukiwa na skana ni bora zaidi, injini nyingi zinatulia kati ya 80 na 95, ukiona iko 68 kwenye barabara ndefu huna haja ya kuendelea kutafuta. Na kabla hujawasha asubuhi soma joto la maji, linatakiwa lifanane na hali ya hewa ya nje. Likisema -40 waya wa sensa umekatika au soketi imechomoka. Mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa ya moto, hili nalirudia hata kama unalijua.

Hatua ya 6: Hewa, sensa na hizo namba za skana

Eakilina chafu kwenye injini ya petroli ya injekta haiongezi ulaji kama watu wanavyodhani. Maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilipima hili mwaka 2009, ikaonekana kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa iliyoingia, kinachopungua ni kasi ya gari kuchanganya. Kwenye kabureta ni habari nyingine, pale kweli chafu inalewesha injini. Na kwenye dizeli ya turbo hewa ikibanwa sana moshi mweusi unaanza. Ibadilishe kwa wakati wake, ila usiibebeshe lawama zote.

Ile sensa ya kupima hewa iliyoko kwenye bomba baada ya eakilina ndo ina mchango mkubwa zaidi. Ina kiwaya chembamba sana kinachopakwa vumbi na mafuta, hasa kama unatumia eakilina ya kulowekwa oili. Chomoa soketi injini ikiwa imezimwa, fungua skrubu zake, pulizia dawa maalumu ya kusafishia sensa hiyo na sio dawa ya kabureta, usikiguse na kitambaa wala pamba, iache ikauke kabisa ndo uirudishe.

Skana ikiwa imeunganishwa tafuta namba mbili zinazoandikwa STFT (marekebisho ya papo hapo) na LTFT (ya muda mrefu). Hizo ndo zinaonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani kutoka kwenye hesabu yake ya msingi. Kati ya -10 na +10 hamna shida. LTFT ikiwa +20 injini inaiona hewa imezidi, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, sensa chafu, filta ya mafuta iliyoziba au pampu iliyochoka. Ikiwa -20 mafuta yamezidi, hapo shuku injekta inayovuja, presha ya mafuta iko juu, au ile sensa ya joto inayodanganya. Sensa ya oksijeni, ile iliyoko kwenye ekzosti, ikichoka yenyewe ndo inaharibu kila kitu kwasababu kompyuta inaitegemea kwa hesabu zote hizi, na makadirio ya Wamarekani ni kwamba kutengeneza tatizo kubwa la aina hiyo kunaweza kurudisha mpaka 40%. Hiyo ni kwa gari iliyokuwa hali mbaya kabisa, usiinunue sensa mpya kwa matumaini ya hiyo namba, soma skana kwanza.

Hatua ya 7: Plagi, au kama ni dizeli

Plagi zifungue uzisome. Kahawia ya mchanga ni nzuri, nyeusi ya masizi mafuta yamezidi, yenye oili mbichi pistoni au sili za valvu zimechoka, nyeupe sana inachomeka kwa joto kubwa au hewa imezidi. Moja ikitofautiana na zingine usibadilishe tu ukaondoka, silinda hiyo inakuambia kitu, cheki koili yake na injekta yake. Pengo lifuate kitabu cha gari.

Dizeli haina plagi za cheche, ina moshi. Mweusi maana yake mafuta mengi hewa kidogo, na kabla hujagusa nozeli fuata mipira ya turbo mpaka intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo) na kurudi kwenye injini. Pitisha vidole chini ya kila klampu, ukigusa unyevunyevu wa oili na vumbi limegandia hapo, hewa inatoka hapo ikiwa na presha, na utasikia mluzi gari ikivuta mzigo. EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) iliyokwama wazi nayo inaleta moshi uleule. Toa maji kwenye filta ya dizeli, badilisha filta, na kama gari ina chujio la masizi kwenye ekzosti na safari zako ni fupifupi tu, itakuwa inajichoma mara kwa mara kwa kutumia dizeli yako. Ipe safari ndefu ya barabara kuu imalize kazi yake.

Hatua ya 8: Oili

Fuata namba iliyoko kwenye kitabu au kwenye mfuniko. Kama gari imeandikiwa 5W-30 na wewe unaweka 20W-50 kwasababu "nzito ndo inalinda", pampu na beringi za injini vinafanya kazi ya ziada kila dakika, kwa kawaida inakuwa 1 hadi 2%. Usijaze kupita alama ya juu pia, shafti inaanza kuipiga oili inatoa povu. Difu na gia boksi nazo zina oili na watu wanazisahau kabisa.

Hatua ya 9: Pima tena

Rudia kile kipimo cha tenki, na ukibadilisha vitu vitano siku moja hutajua kipi kilikusaidia, fanya kimoja au viwili alafu pima. Ukichomoa betri au kufuta makosa kwenye skana, kompyuta inaanza kujifunza upya, tenki la kwanza lisiingie kwenye hesabu.

Ikiwa yote haya yako sawa na bado ulaji uko juu, yamebaki mawili ya kumpelekea fundi. La kwanza ni kompresheni ya injini (presha ya ndani ya silinda), ipimwe silinda zote na zilinganishwe. La pili ni kwa wenye otomatiki, hili unaweza kulijaribu mwenyewe barabara ikiwa tupu nyuma yako: shikilia 90 bila kubadilisha mguu wa mafuta, gusa breki kidogo tu taa ziwake, mshale wa mizunguko unatakiwa upande kama 200 au zaidi alafu urudi. Usipotikisika kabisa, konvata ilikuwa haijafunga tangu mwanzo. Anzia kwenye oili ya gia boksi, angalia kiwango chake na rangi yake, na ikinuka kuungua usikubali kuimwaga yote kwa presha kabla fundi wa gia boksi hajaiona.